Tiara ya dukani au ya chelewa? Kwa mwenye mtoto mdogo

Upepo wa kusi umeshaanza kupiga na kila Jumapili ukienda ufukweni unawaona, baba kashika tiara kubwa kuliko mtoto mwenyewe, anakimbia nayo mchangani huku mtoto kasimama pembeni anaangalia, ikifika robo saa mtoto kashahamia kwenye kuchimba mashimo na tiara imebaki kuwa ya baba. Mimi nimeyapitia haya mwaka jana na binti yangu, alikuwa na miaka minne na miezi kadhaa, na tangu hapo tumejaribu aina tofauti tofauti mpaka tumepata inayomfaa, kwahiyo naandika kwa ajili ya yule anayejiuliza anunue ipi au akae chini atengeneze. Wa Mombasa na Unguja wengi mnasema kishada, sisi huku kwetu tunasema tiara, kitu ni hicho hicho, na chelewa ni vile vijiti vya fagio la mnazi.

Niseme kabisa mapema ninachokiamini. Unapochagua usianze kuangalia tiara, anza na mkono wa mtoto. Uzi utakuwa mkononi mwake au mkononi mwako? Tiara ambayo mtoto hawezi kuishika mwenyewe dakika kumi sio tiara ya mtoto, hata iwe na picha ya katuni anayoipenda kuliko zote.

Ya kwanza kwetu ilikuwa ya dukani, ya nailoni, ile ya pembetatu yenye mabawa mapana, imechorwa tai, upana wake kama mita moja na nusu, nilitoa elfu ishirini na tano. Inaruka vizuri sana, hilo sibishi. Unaitoa kwenye mfuko wake, unachomeka fimbo, unafunga uzi, upepo unaichukua hapo hapo bila hata kukimbia. Shida ikaja nilipompa uzi. Ilikuwa saa tisa mchana na upepo umechangamka, akashika kwa mikono miwili kama nilivyomwonyesha, tiara ikajaa upepo ghafla na uzi ukateleza kwenye kiganja chake, ukaacha mstari mwekundu kuanzia chini ya kidole gumba mpaka ukingoni. Hakulia kwa sauti. Aliukunja ule mkono akaubana kifuani akaniambia, "Baba, inaning'ata." Wiki tatu nzima hakutaka hata kuiona ile tiara, ikabidi niifiche juu ya kabati.

Baadae ndo nikaelewa nilikosea wapi. Nguvu ya upepo haipandi pole pole kama tunavyodhani, upepo ukiongezeka kasi mara mbili mvuto kwenye tiara unaongezeka mara nne, kwahiyo tiara iliyokuwa inavuta kidogo tu saa nne asubuhi inaweza kukushinda saa tisa na wala hujabadilisha kitu. Na mvuto unaenda na eneo la kitambaa pia. Mtu mzima hausikii, mtoto wa kilo kumi na sita anausikia mpaka mabegani.

Kwahiyo kama unanunua, nunua ndogo. Nilirudi nikachukua ya umbo hilo hilo lakini upana haufiki mita moja, ina mikia miwili ya utepe, ilikuwa elfu kumi. Hii tofauti yake ni kubwa mno, mtoto anaishika, anaisikia inavuta lakini haimtishi, anatembea nayo kulia na kushoto inamfuata. Uzuri wa hizi za nailoni ni kwamba haziogopi unyevu wa bahari, zikianguka majini unakung'uta tu unarusha tena, na haziitaji upepo mkali. Ubaya wake ni ile plastiki ndogo inayounganisha fimbo ya katikati, ikidondoka kwenye mchanga mchezo umeishia hapo na dukani hawauzi kipande peke yake, mimi sasa natembea na tepu ya umeme mfukoni maana nimeshafunga hiyo sehemu mara mbili. Na ubaya wa pili ambao nimeuona kwa mtoto zaidi kuliko kwa tiara, ni kwamba hana kazi yoyote mpaka iwe juu. Baba anafungua, baba anachomeka, baba anarusha, yeye anasubiri. Mtoto wa miaka minne kusubiri dakika tano ni siku nzima.

Sasa ya chelewa.

Hii ni ya babu yake, baba yangu mzazi, alikuja kutoka Pangani likizo ya mwezi wa saba akakuta ile ya tai juu ya kabati akauliza hiki nini, akaambiwa kisa chote, akaenda uani akachomoa chelewa sita kwenye fagio. Akamwita mjukuu wake wakae kwenye mkeka. Mi nilikaa pembeni naangalia tu maana mwenyewe nilikuwa nimesahau.

Kitu ambacho sikukumbuka kabisa ni hiki. Chelewa ina shina nene na ncha nyembamba, ukiweka moja kama mbavu ya kukata katikati basi upande mmoja unakuwa mzito na mwingine mwepesi, tiara inaegemea upande mmoja siku zote na wewe utahangaika na mkia bure. Babu alichukua mbili akazilaza moja shina kulia na nyingine shina kushoto, akazifunga pamoja kwa uzi sehemu tatu, akaweka kwenye ncha ya kidole chake ikalala sawa kama mizani. "Unaona bibie, haiendi huku wala huku." Mtoto naye akataka aweke kwenye kidole chake. Waliirudia hiyo mara nyingi sana na hakuna aliyemharakisha. Ya mgongoni nayo akafanya mbili, ila hiyo mashina yote kaweka chini.

Vipimo ambavyo tumekuja kuvizoea kwa mkono wa mtoto ni mgongo sentimita arobaini na tano, mbavu sentimita arobaini, mbavu inakatiza robo ya mgongo kutoka juu. Unazungushia uzi kwenye ncha zote nne ili upate fremu ya almasi, unalaza karatasi, unakunja kingo juu ya uzi unabandika. Gundi ni uji wa ngano mzito uliopoa, mtoto anaupaka kwa vidole na hakuna kitu cha kumdhuru hata akilamba, na kazi hiyo ya kubandika ni yake yote, huo ndo wakati ambao tiara inakuwa mali yake. Uzi wa kifuani unafunga juu na chini ya mgongo ukiwa umelegea kidogo, uzi mrefu ndo unafungwa hapo.

Karatasi gani? Hapa kuna uchaguzi mwingine mdogo lakini unaleta tofauti. Gazeti linapatikana ila ni zito kidogo na likipata unyevu linalegea. Manila usijaribu kabisa, nzito, utakimbia mpaka uchoke. Karatasi laini ya kufungia zawadi ni nyepesi kuliko zote na rangi zake zinapendeza juu lakini kidole cha mtoto kinatoboa. Sisi tumetulia kwenye karatasi ya katikati ya daftari, mbili zimeunganishwa, mtoto anachora kwanza kwa kreyoni ndo tunabandika. Zamani sisi wote tulitumia rambo, mfuko ule mweusi au wa bluu ulikuwa mwepesi na haulowi, nadhani kila mtu wa umri wangu kacheza na tiara ya rambo. Ila ile mifuko imepigwa marufuku Tanzania bara tangu tarehe 1 Juni 2019 na wenzetu Kenya waliwahi tangu Agosti 2017, na kusema ukweli nafurahi, nimeona mitaro ya mtaani kwetu kabla na baada. Mifuko mbadala ile ya kitambaa iliyokuja badala yake haifai kwa tiara, upepo unapita katikati na ni mizito. Ukinunua shuka au blanketi jipya likaja na nailoni nyembamba juu yake, itunze hiyo, inafanya kazi kama rambo.

Mkia ndo roho ya hii aina. Ya almasi bila mkia inazunguka kama pia. Urefu wa mkia anza na mara tano ya mgongo, vitambaa vya fundi cherehani vilivyokatwa vyembamba na kufungwa kama vipepeo kila baada ya kiganja. Siku ya kwanza ya kwetu ilipanda kama mita nne ikaanza kuzunguka ikapiga kichwa chini, babu akaongeza kitambaa kama urefu wa mkono wake, ikapanda ikatulia. Ndo kanuni yenyewe, ikizunguka ongeza, ikishindwa kunyanyuka punguza.

Ubaya wake nausema wazi. Inachukua asubuhi nzima kwa sababu uji unatakiwa ukauke. Inachanika. Kwenye upepo mdogo sana haipandi wakati ile ndogo ya dukani inapanda. Jioni ufukweni karatasi inavuta unyevu na kesho yake inakuwa imelegea, kwetu moja inadumu safari tatu au nne. Lakini mvuto wake ni mdogo na mpole, kiganja cha mtoto kinaumudu, na mtoto anakuja ufukweni akiwa ameshacheza nusu siku tayari, kwahiyo hata upepo ukikataa hajapoteza kitu.

Kwa mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu hizi zote mbili ni mapema kidogo. Mtoto wa dada yangu ana umri huo na yeye tunamtengenezea ile ya karatasi moja ya A4, haina hata kijiti. Unakunja karatasi katikati, halafu kile upande wa mbele unachukua pembe ya juu ya kila ubavu unairudisha kwenye mkunjo bila kuibana, iwe imevimba kama shavu, unapiga stepla zote pamoja, unatoboa tundu nyuma kidogo ya hapo, unafunga uzi wa mita tatu na utepe nyuma kama mkia. Dakika tano. Haihitaji upepo wa maana, mtoto akikimbia inamfuata nyuma, akisimama inaanguka, na mtoto wa umri ule kukimbia ndo anachokitaka. Wala usimnunulie tiara mtoto wa miaka mitatu, mkunjie karatasi.

Zile kubwa za nyuzi mbili zenye mishikio, za kupiga mizunguko angani, waachie wakubwa, kuanzia miaka tisa kumi huko.

Uzi naomba mnisikilize vizuri maana watu wanahangaika na tiara uzi hawauangalii. Mshipi wa kuvulia samaki una nguvu na ni rahisi kuupata lakini unakata, na hauonekani, mtu anayepita mbio au na baiskeli anaweza kuuchukua shingoni. Uzi wa cherehani unakatika. Ule unaokuja na tiara za dukani mara nyingi ni mwembamba na umezungushiwa kwenye kiplastiki kidogo ambacho mtoto anakipoteza mara tu mkono ukichoka. Sisi tunatumia uzi wa pamba mnene, unaona kabisa ni mweupe, mita ishirini na tano tu inatosha, na badala ya kiplastiki tunaufunga na kuuzungushia kwenye chupa ya maji ya nusu lita iliyojazwa mchanga nusu. Mtoto anaikumbatia chupa kwa mikono miwili, uzi wenyewe haugusi, na akiiachia chupa inaburuzika mchangani badala ya kupaa na tiara, unaifikia kabla haijaenda mbali. Hiyo chupa imetusaidia kuliko kitu kingine chochote nilichonunua. Na uzi wa kupakwa unga wa chupa, ule wa kushindana kukatana kama wanavyofanya India kwenye sikukuu yao ya tarehe 14 Januari, usiingie kabisa kwenye mchezo wa mtoto mdogo.

Wapi na saa ngapi, maana hapo nako kuna kuchagua. Asubuhi na mapema pwani kuna ule upepo unaotoka nchi kavu kwenda baharini, wavuvi wanauita umande, ukirusha tiara saa moja inakuwa juu ya maji na ikikatika umeiaga. Kuanzia saa nne tano upepo unageuka unatoka baharini na mchana unakuwa mkali. Mimi kwa mtoto napenda saa nne mpaka saa tano na nusu, au jioni kuanzia saa kumi na moja jua likiwa limepoa. Upepo wa kutosha ni ule ambao majani na vijitawi vinacheza muda wote na bendera ndogo imenyooka. Ukiona mchanga unakupiga miguuni na bahari imejaa mawimbi meupe, rudini mkale mihogo. Kwa msimu, kaskazi ya Desemba mpaka Machi na kusi ya kuanzia Mei kuja mpaka Septemba zote zinafaa, katikati hapo masika mvua na radi, usithubutu kurusha chochote chenye uzi wakati kuna ngurumo.

Halafu kuna jambo la usalama la ufukweni ambalo sijasikia likisemwa na mimi nililigundua kwa kushtuka. Upepo ukitoka baharini tiara inaenda upande wa nchi kavu, maana yake anayerusha uso wake unaangalia barabara na mgongo unaangalia maji. Mtoto anaangalia juu, anarudi nyuma hatua moja moja, na nyuma yake ni mawimbi. Siku moja pale ufukwe wa Coco, Dar es Salaam, maji yanajaa nikageuka kumsalimia mtu, nikarudisha macho binti yangu maji yako magotini na bado anaangalia tiara yake anacheka. Tangu siku hiyo mimi nasimama upande wa maji, siku zote, mtoto yuko kati yangu na nchi kavu. Nenda maji yakiwa yametoka, mchanga unakuwa mpana, mnasimama chini na tiara inabaki juu ya mchanga badala ya kuingia kwenye miti na barabara.

Uwanja wa mpira wa mtaani ni mzuri pia na hauna hofu ya maji, ila angalia nyaya za umeme kabla hujafungua hata mfuko, kama unaziona kutoka uliposimama na upepo unaelekea huko basi sio pale. Na tiara ikishanasa kwenye waya imeshakwenda, usimpandishe mtu, usitumie mti mrefu kuitoa, usivute uzi. Wanaokaa Kipawa na Vingunguti karibu na uwanja wa ndege watafute sehemu nyingine kabisa. Jingine la uwanjani ni majengo, nyuma ya ghorofa upepo unavurugika, unapanda unashuka, tiara inaruka inapigwa chini na unadhani imeharibika kumbe ni kivuli cha ukuta. Sogea mbali, mara saba ya urefu wa hilo jengo au zaidi. Walioko bara hawana umande wala bahari lakini Dodoma kiangazi upepo upo wa kumwaga, na Nairobi kuna wanaowapeleka watoto Ngong Hills, pale palipojengwa mitambo ya umeme wa upepo, ambapo kwa mtoto wa miaka minne mimi ningeenda na hii ndogo ya karatasi na uzi mfupi sana au nisiende, ule ni upepo wa wakubwa.

Kwahiyo ukiniuliza kwa mtoto wa miaka minne mpaka sita na una mtu nyumbani wa kukaa naye kwenye mkeka, ya chelewa, bila kusita. Kama una Jumapili moja tu kwa mwezi na unarudi kazini saa mbili usiku kila siku, nunua ile ndogo ya nailoni na usijilaumu, ila mwachie yeye afunge mikia na yeye ndo ashike chupa tangu mwanzo, wewe rusha tu. Na kama kuna watoto wawili wanaopishana umri nunueni moja na mtengeneze moja, kugombania uzi kunaharibu siku.

Tofauti ya mwisho tuliiona juzi juzi. Ile ya nailoni ilikatika uzi mwezi wa kwanza ikaenda arijojo kuelekea Msasani huko, na binti yangu alilia njia nzima mpaka nyumbani, ananiuliza itarudi lini. Juzi hii ya karatasi, ya nne sasa, imechorwa samaki watatu wa kijani, fundo likafunguka pale kwenye chupa na ikaondoka juu ya minazi mkia unapepea nyuma. Nikajiandaa kumbeba. Akasimama akaiangalia mpaka imekuwa nukta, akanishika mkono akasema, "Baba, uji wa ngano upo?"